Korona ya Kimamba na Kompyuta ya Serikali

Leo tutasoma jinsi mwenye kampuni anavyochagua mashine, na jinsi anavyoweza kukosea.

Tuanzie Kimamba, wilaya ya Kilosa, penye mashamba ya mkonge. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kimamba, ikaishia Kigoma mwaka 1914. Basi mtu angeweza kusema: reli ipo, tupakie majani ya mkonge, yakasagwe Dar es Salaam. Hesabuni wenyewe. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kiasi cha kilo 4 tu za singa, yaani nyuzi. Nani atalipa nauli ya kilo 96 za maji na takataka? Tena jani likikaa siku nyingi baada ya kukatwa hukauka, na singa haitoki vizuri. Kwa hiyo mashine ya kusaga, ambayo wafanyakazi waliiita korona, huwekwa shambani penye maji, na zamani reli ndogo zilitandikwa za kuletea majani. Singa huoshwa, huanikwa juani, hupigwa brashi, hufungwa marobota. Robota ndilo lililopanda treni.

Hata karatasi zilifuata biashara. Shida ya matajiri wa mkonge ilikuwa kupata watu wa kazi. Wakati wa ukoloni wakatumia kipande, kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi. Zikitimia siku 30 ndipo mtu alipwe. Aliyeugua siku ya 28 alingoja. Wazee wetu walikichukia, na haki walikuwa nayo. Lakini angalieni: kadi ile ilihesabu kile hasa alichokitaka tajiri.

Sasa tutoke shambani twende ofisini, maana huko nako kuna mashine. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifungiwa kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500. Serikali ilikuwa changa, nayo ilitaka hesabu zake ziende upesi. Kompyuta ni hodari wa kuhesabu, lakini mafundi wake walikuwa wageni kwa wingi, na wananchi waliojifunza kazi hiyo walikuwa wachache mno. Hesabu za serikali zilipotiwa humo zilivurugika, fedha zikapotea bure. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ililegezwa baadaye.

Mimi siilaumu mashine. Mwenye korona alijua kwanza kwamba anauza singa, ndipo akachagua mashine, mahali pa kuiweka na watu wa kuiendesha. Kompyuta ile, kwa maoni yangu, ilitangulia kufika kabla watu wake hawajawa tayari.

Mwalimu, andika ubaoni: korona, singa, robota, kipande. Wanafunzi wasome kwa sauti, kisha kila mmoja afanye hesabu hii daftarini: majani kilo 500, singa kilo ngapi?