Nyota ya Kaskazini Haituhusu

Wasee, kila video ya kufunza kupiga picha za nyota inaanza vile vile: simamisha stendi, elekeza mhimili wake kwa Nyota ya Kaskazini, endelea. Sasa wewe uko juu ya paa Umoja ama Rongai. Hiyo nyota utaitafuta mpaka asubuhi. Nairobi iko karibu nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hivyo imejificha chini ya upeo wa macho. Hata ukienda Lodwar, itainuka kama nyuzi 3 tu, imezama kwa vumbi.

Hapo ndio wengi hukata tamaa, ati hii ni hobi ya Wazungu. Lakini historia ya hiyo stendi inasema vingine.

Shida yenyewe ni Dunia. Inajizungusha kila saa 23 na dakika 56, kwa hivyo nyota zinahama kuelekea magharibi karibu nyuzi 15 kwa saa. Jicho halijali, lakini ukiiacha kamera ya darubini wazi hata dakika moja, nyota zinakuwa mistari. Dawa ni stendi yenye mhimili sambamba na ule wa Dunia, unaozunguka kwa mwendo huo huo kufuata nyota.

Mwaka 1824, Joseph Fraunhofer alikamilisha darubini ya Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, Estonia. Jamaa alikuwa yatima tangu miaka 11, alijifunza kazi ya vioo kama mwanagenzi Munich, na hakusomea chuo kikuu. Stendi yake ilizungushwa na mtambo wa saa. Muundo wake bado unauzwa leo, na bado unaitwa stendi ya Kijerumani.

Kamera zikafuata. Mwaka 1850, Bond na Whipple walipiga picha ya nyota Vega pale Harvard. Tarehe 30 Septemba 1880, Henry Draper, jimbo la New York, akapiga nebula ya Orion kwa dakika 51. Picha ya muda mrefu hivyo haisamehi: mhimili ukipinda kidogo tu, nyota zinateleza.

Ndio maana kuna njia ambayo Wajerumani wanaiita ya Scheiner, kwa heshima ya Julius Scheiner, mwanaastronomia wa Potsdam. Haihitaji Nyota ya Kaskazini kabisa. Unaitumia kuteleza kwenyewe kama kipimo.

Kwetu inaenda hivi. Laza mhimili kaskazini-kusini, karibu ulale kabisa. Ukiwa Nairobi, ncha ya kusini iinuke nyuzi 1 na kidogo. Stendi kadhaa za dukani hazikubali kushuka hivyo, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa. Dira ya simu inatosha kuanzia. Washa mota, weka nyota iliyo karibu na utosi katikati ya picha, ngoja dakika tano. Ikiteleza kaskazini ama kusini, geuza stendi kidogo kushoto ama kulia, kisha pima tena mpaka itulie. Halafu chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki. Hiyo ikiteleza, inua ama shusha mhimili. Ni kazi ya subira, lakini haina siri.

Na hapa ndio utamu uko. Katikati ya Januari, kati ya saa nne na saa tano usiku, zile nyota tatu za mshipi wa Orion zinapita karibu kabisa na utosi wako Nairobi. Nebula ya Draper iko hapo karibu. Kwake, hata ikifika juu kabisa, haikufikia nusu ya safari kutoka upeo wa macho hadi utosini. Aliipiga kupitia hewa nene kuliko yetu. Tena kutoka hapa ikweta tunaona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini.

Kwa hivyo video ikikuambia utafute Nyota ya Kaskazini, ruka hiyo dakika, nenda kwa Scheiner.