Tone la Damu Kutoka Kisiginoni

Bordesley Green, mashariki mwa Birmingham, ndiko iliko hospitali ya Heartlands. Kichanga wa mitaa ile, awe wa Mwingereza, Mpakistani au Msomali, akitimiza siku tano mkunga humchoma kisigino na kujaza damu miduara minne ya kadi nene. Mtoto hulia, mama hukunja uso. Kinachotafutwa humo, pamoja na mengine, ni hitilafu ya MCAD, kimeng'enya cha ini kinachovunja mafuta.

Mwaka 1904, Mjerumani Franz Knoop aliwalisha mbwa asidi za mafuta zenye alama ya kikemia, akapima mkojo wao. Akabaini kwamba mwili huukata mnyororo wa mafuta kaboni mbilimbili, kama mtu akatavyo muwa. MCAD hushughulikia minyororo ya urefu wa kati.

Aliyefunga Ramadhani anaijua kazi hiyo bila kuijua: akiba ya sukari ikipungua, ini hugeukia mafuta. Mtoto mwenye hitilafu hii hana pa kugeukia. Akipata homa, akakataa chakula, akalala hivyohivyo, sukari ya damu hushuka, naye anaweza kufa kabla ya alfajiri. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu. Nawafikiria wazazi waliozika kabla ya hapo bila kuambiwa sababu.

Birmingham ina heshima yake katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mama mmoja alikuwa akimngoja Dk. Horst Bickel kila asubuhi nje ya maabara, akimsihi amtibu bintiye mwenye fenilketonuria, hitilafu ya kimeng'enya kingine cha ini. Bickel na wenzake, John Gerrard na Evelyn Hickmans, wakamtengenezea mtoto chakula maalumu. Matokeo yakachapishwa 1953. Ikathibitika kwamba hitilafu ya kuzaliwa nayo huweza kudhibitiwa kwa mlo.

Kufikia 2009, vichanga wote wa Uingereza walikuwa wakipimwa MCAD. Mwenye tatizo ni takriban mmoja kati ya 10,000, hasa wenye asili ya Ulaya Kaskazini. Kinga yake ni kutomwacha mtoto na njaa muda mrefu, na kumpa kinywaji cha sukari maalumu anapougua.

Mzazi mwenzangu uliye Birmingham, usimfiche mwanao sindano ile. Tone hilohilo hupimwa selimundu, ugonjwa unaotuulia watoto wengi Afrika Mashariki. Wizara zetu za afya zikifanye kipimo hicho haki ya kila kichanga.