Nani Anajua, Tangu Lini?

Mwanafunzi wa fasihi huzoeshwa mapema kuokota istilahi: hapa sadfa, pale mbinu rejeshi, mwisho wa sura taharuki. Huandika "mwandishi ametumia taharuki" na kuvuka kwenda swali linalofuata. Lakini kutaharuki ni kuingiwa na wasiwasi, na neno lenyewe lina undugu na harakati. Anayetaharuki ni msomaji. Ukitaka kuieleza mbinu hiyo, anza na yeye: ameambiwa nini, na wakati gani?

Chukua kifo kimoja kilichosimuliwa mara mbili. Katika riwaya ya Joseph Conrad, The Secret Agent, ya mwaka 1907, bomu linalipuka Greenwich, London, nasi hatupo. Tunafika baadaye pamoja na mpelelezi, na kwenye kipande cha koti anakuta anwani ambayo mwanamke aitwaye Winnie alimshonea mdogo wake Stevie asije akapotea. Sisi tumeshaelewa kwamba aliyekufa ni Stevie, Winnie bado. Maneno yake ya kawaida kwa mumewe, aliyempa Stevie bomu lile, yanakuwa mazito kuyasoma. Hicho ni kinaya, nacho kinauma kwa sababu jambo limekwisha kutendeka.

Mwaka 1936 mwongozaji Alfred Hitchcock aliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu, Sabotage, na miongoni mwa aliyoyabadili ni hili: alitutajia saa. Bomu litalipuka saa nane kasorobo. Stevie analibeba kwenye furushi bila habari. Mchuuzi wa dawa ya meno anamkamata barabarani ili amtumie kuonyesha bidhaa yake. Gwaride linamzibia njia. Basi linakwama kwenye msongamano, na kila mara tunaonyeshwa saa. Kutojua kwake ni kinaya vilevile, ila sasa anaweza kupona, na taharuki hulishwa na uwezekano huo. Bomu lilipolipuka, watazamaji walichukia. Miaka mingi baadaye Hitchcock alikiri mbele ya mwongozaji mwenzake François Truffaut kwamba alikosea kumuua yule mvulana.

Ebrahim Hussein hakuhitaji saa wala bomu. Tamthilia yake Kinjeketile ilipotoka mwaka 1969, Mtanzania aliyeketi kuitazama alikuwa anajua kwamba katika Vita vya Maji Maji maji ya dawa ambayo wapiganaji waliamini yangewakinga hayakuzuia risasi za Wajerumani. Kwa hiyo wapiganaji wakishangilia jukwaani, ukumbini hakuna anayejiuliza nani atashinda. Linalobaki ni gumu zaidi: watu waliogawanyika wangeunganaje bila imani hiyo, na kiongozi afanye nini imani ikishamponyoka mkononi?

Basi anayechambua asiishie kutaja jina la mbinu. Aeleze nani anajua nini, tangu lini, na kama mhusika bado ana nafasi ya kuokoka. Akiyajibu hayo, atakuwa ameeleza pia kwa nini Conrad anatuhuzunisha, Hitchcock anatuhangaisha na Hussein anatufikirisha.