TAP: kivuko cha peptidi ndani ya seli

TAP ni protini safirishi iliyomo ndani ya seli za binadamu na za wanyama wengi wenye uti wa mgongo. Kazi yake ni kuvusha peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, kutoka kwenye majimaji ya seli hadi ndani ya retikulamu, ule mtandao wa vijia na vifuko vya utando unaokizunguka kiini. Mkazi wa Lindi ataielewa upesi kuliko wengi. Mwenye shughuli zake Kitunda, ng'ambo ya ghuba, hushuka gatini akangoja kivuko. Peptidi nayo haiwezi kupenya utando bila chombo.

Mzigo hutoka kwenye proteasomu, mashine yenye umbo la pipa inayokatakata protini zilizochakaa au zilizoharibika, zikiwemo za virusi vilivyoivamia seli. Vipande vingi humalizwa na vimeng'enya ndani ya sekunde chache. Vichache huwahi TAP, iliyoundwa kwa nusu mbili, TAP1 na TAP2, na ambayo hupendelea peptidi zenye asidi amino 8 hadi 16. Peptidi ikishapanda, molekuli za ATP, ambazo ndizo nishati ya seli, huzibana nusu hizo: mlango wa upande wa majimaji hujifunga, wa ng'ambo hufunguka, mzigo hushuka. Huko molekuli ya HLA inasubiri, ikiwa imeshikizwa ubavuni mwa TAP na protini iitwayo tapasini. Peptidi iliyo ndefu mno hupunguzwa kwanza na kimeng'enya ERAP1. Kisha HLA huibeba hadi juu ya seli na kuianika hapo. Seli T za kuua hupita zikikagua, na zikikuta kipande cha kirusi huiangamiza seli hiyo kabla haijatoa virusi vingine.

Jeni za TAP zilitambuliwa mwaka 1990. Ziko kwenye kromosomu 6, jirani kabisa na zile za HLA. Watu wachache sana huzaliwa jeni hizo zikiwa na kasoro, na cha kushangaza ni kwamba wengi wao huandamwa na maambukizi ya bakteria katika njia ya hewa na vidonda sugu vya ngozi kuliko magonjwa ya virusi.

Virusi, kwa upande wao, vinaijua njia hii na huiziba. Kirusi cha malengelenge hutengeneza protini ndogo, ICP47, inayojikwamisha kwenye TAP upande wa majimaji hata peptidi zikose pa kupandia. Kirusi cha Epstein-Barr nacho huizuia TAP kwa protini yake, BNLF2a. Hiki cha pili kina historia ya Afrika Mashariki: kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Uganda, alikuwa ameueleza mwaka 1958. Uvimbe huo ni saratani, na seli zake zimekutwa na TAP kidogo, na hivyo huzikwepa seli T.

Kusini mwa Tanzania nako kuna kisa cha kirusi kinachozikwepa seli T. Mwaka 1952 hadi 1953, homa yenye maumivu makali ya viungo ilizuka Newala, uwanda wa Makonde, katika Jimbo la Kusini lililojumuisha pia Lindi na Kilwa. Wamakonde ndio walioipa jina linalotumika leo duniani kote, chikungunya, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja. Maji yalikuwa adimu uwandani, watu wakayahifadhi majumbani, na mbu aina ya Aedes wakapata pa kuzaliana. Maumivu hayo ya viungo huweza kudumu miezi, hata miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha sababu mojawapo inayowezekana: protini ya kirusi cha chikungunya iitwayo nsP2 huvuruga uanikaji wa peptidi, hivyo seli T hushindwa kuzitambua seli zilizoambukizwa.

Malaria, adui wa zamani wa pwani ya Kilwa na Lindi, inajificha kwa namna nyingine. Seli nyekundu za damu zilizokomaa hazina kiini wala retikulamu, kwa hiyo kimelea kilichomo humo hakianikwi kwa njia hii. Nafasi ya seli T za kuua ni ini, ambamo kimelea hukaa takriban wiki moja kabla ya kumwagika kwenye damu, na seli za ini zina TAP. Ndiyo maana baadhi ya chanjo hulenga hatua hiyo. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara imeijaribu PfSPZ, chanjo ya vimelea vizima vilivyodhoofishwa kwa mionzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa chanjo hiyo ni salama, lakini kinga waliyoipata Watanzania ilikuwa ndogo kuliko iliyopatikana kwa Wamarekani waliopewa dozi zilezile.