Kubipu mbinguni: historia ya bili ya mpanda mlima

Mimi si mtu wa milima. Lifti ikigoma, ghorofa ya nne inanitosha kabisa. Lakini majuzi nimejikuta nafuatilia kilio cha watembea porini wa Marekani, wale wanaobeba hema mgongoni na kukaa siku kumi bila kuona barabara. Wanalalamikia kitu ambacho sisi tunakijua kuliko wao: bando.

Septemba 2024 kampuni ya Garmin, inayouza vifaa vidogo vya mawasiliano ya setilaiti viitwavyo inReach, ilipangua vifurushi vyake. Kifurushi cha chini kikawa takriban dola 8 kwa mwezi, kila ujumbe wa kawaida ukalipiwa juu yake, na ada ya kuanzisha huduma ikawa takriban dola 40. Kifaa chenyewe umeshanunua kwa mamia ya dola. Watu wakawaka.

Nami nikajiuliza, hivi kwa nini mtu alipe kila mwezi ili siku akivunjika mguu aweze kuita msaada? Nilipochimba nikakuta jambo ambalo sikulitarajia. Kuita msaada kwa setilaiti kulianza kukiwa bure, na mpaka leo ni bure. Kinacholipiwa ni maongezi.

Twende taratibu.

Oktoba 1972 ndege ndogo ilipotea Alaska, kati ya Anchorage na Juneau. Ndani yake walikuwemo wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich. Boggs hakuwa mbunge wa kawaida, alikuwa kiongozi wa wabunge wa chama chake, kilichokuwa na wengi bungeni. Walitafutwa kwa siku 39. Mpaka leo ninapoandika haya, ndege ile haijaonekana. Mambo ndivyo yalivyo duniani kote: akipotea mtu mdogo ni habari, akipotea mkubwa ni sera. Shinikizo likawa kubwa kwamba ndege ndogo zibebe vifaa vya kutoa ishara zinapoanguka, na baadaye likaja wazo la kusikiliza ishara hizo kutoka angani.

Mwaka 1979 Marekani, Urusi ya Kisovieti, Kanada na Ufaransa wakakubaliana kufanya kazi hiyo pamoja. Hebu fikiria, ni Vita Baridi ile, kila upande umeelekeza makombora kwa mwenzake. Setilaiti ya kwanza ya mpango huo, Cosmos 1383, ilirushwa na Wasovieti Juni 1982. Septemba mwaka huohuo ndege ndogo ikaanguka British Columbia, Kanada, ikiwa na watu watatu. Ishara yao ikanaswa na setilaiti ile ya Kisovieti, wakaokolewa wote watatu. Binafsi nashangaa kwamba kisa hiki hakijulikani zaidi.

Mfumo huo unaitwa Cospas-Sarsat. Mwaka 1988 nchi hizo nne zilitia saini mkataba rasmi, na ndani yake mwenye shida halipishwi hata senti. Kwa muda mrefu ulihudumia meli na ndege. Julai 2003 Marekani ikaruhusu raia wake popote nchini kubeba kifaa chake cha mkononi, kinachojulikana kwa kifupi kama PLB. Unakinunua, unakisajili bure, unakitia kwenye begi. Ukikiwasha, ishara inafika kituo cha jeshi la anga huko Florida, na kutoka hapo waokoaji wa eneo lako wanaarifiwa. Hakuna ada ya mwezi wala ya mwaka. Betri hudumu miaka kadhaa.

Sasa mbona watu hawakuishia hapo? Kwa sababu PLB inajua neno moja tu: nakufa. Haiwezi kumwambia mama kwamba umechelewa kwa sababu mto umejaa. Na mama (au mke, au mume) ndiye aliyefungua biashara hii, msitanie.

Tuingie upande wa kampuni. Katikati ya miaka ya 1980, mke wa Bary Bertiger, mhandisi wa Motorola, alikuwa likizoni Bahamas akashindwa kuwapigia simu wateja wake. Akamwuliza mumewe, wewe mhandisi gani? Ndivyo kisa kinavyosimuliwa. Bertiger na wenzake wawili wakachora mtandao wa setilaiti 77, na kwa kuwa elementi namba 77 ni iridiamu, mradi ukaitwa Iridium. Baadaye hesabu ikapunguzwa hadi 66, jina likabaki.

Gharama? Takriban dola bilioni 5. Novemba 1, 1998 Makamu wa Rais Al Gore akapiga simu ya uzinduzi. Simu yenyewe ilikuwa kama tofali, bei yake karibu dola 3,000, na dakika moja ya maongezi ingeweza kufika dola 7. Wakati huohuo simu za kawaida za mkononi zilikuwa zinashuka bei na kuenea kila mji. Wateja hawakuja. Agosti 1999, miezi tisa tu, Iridium ikafilisika. Mwaka 2000 ulikuwepo mpango kamili wa kuziangusha setilaiti zote ziungue angani.

Zikaokolewa dakika za mwisho. Desemba 2000 jeshi la Marekani lilitoa mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka miwili, na kundi la wawekezaji likanunua mali yote kwa takriban dola milioni 25. Rudia hesabu hiyo polepole: kitu cha bilioni 5 kimeuzwa kwa milioni 25! Kwa maoni yangu hapa ndipo bili ya mpanda mlima ilipozaliwa. Kama wamiliki wapya wangerithi deni lile lote, kifurushi cha dola 8 kingekuwa ndoto. Mtembea porini anayelalamika leo anakula punguzo lililolipwa na wawekezaji walioungua 1999.

Mshindani wake, Globalstar, alifilisika 2002. Akainuka, akaugua tena. Mwaka 2007 alitangaza kwamba vikuza mawimbi vya setilaiti zake, vile vinavyotuma sauti kurudi ardhini, vinachakaa. Simu zikawa shida. Lakini upande wa kupokea ishara kutoka ardhini ulikuwa mzima. Basi bwana, mwishoni mwa mwaka huohuo wakatoa SPOT, kifaa kinachotuma tu na hakipokei chochote. Bei takriban dola 170, na huduma dola 100 hivi kwa mwaka. Unabonyeza, nyumbani wanapata ujumbe uliouandika kabla ya safari: nipo salama.

Sisi tuliokulia enzi za vocha tunalijua hilo. Ni kubipu. Tofauti ni kwamba sisi tulibipu ili tusilipe.

Kubipu kuna kasoro yake, anayepokea hajui uzito wa jambo. Septemba 2009 kundi moja la watembeaji katika Grand Canyon lilibonyeza kitufe cha dharura mara tatu ndani ya siku tatu. Mojawapo ya sababu, maji waliyoyapata yalikuwa na ladha ya chumvi. Helikopta ikaja mara zote tatu.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa mazungumzo ya pande mbili. Mwaka 2011 kampuni ya DeLorme ya jimbo la Maine ikaleta inReach, inayotumia setilaiti zilezile za Iridium zilizonusurika kuangushwa. Mwaka 2016 Garmin ikainunua DeLorme. Hapo ada ya mwezi ikawa ya kudumu, maana maongezi hayana mwisho na setilaiti zinazeeka. Kati ya 2017 na Januari 2019 Iridium ilirusha kizazi kipya kwa takriban dola bilioni 3, na safari hii hakuna aliyefilisika kumlipia mteja.

Kwetu tulichukua njia nyingine. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro. Mlima wenye njia chache na maelfu ya wageni unalipa kufanya hivyo. Marekani ni tofauti: sheria yao ya 1964 ya mapori ya asili inazuia kwa kiasi kikubwa ujenzi ndani ya maeneo hayo, kwa hiyo minara husimama nje na mtembeaji hubaki na anga.

Na anga hiyo imepata tajiri mpya. Novemba 2022 Apple iliwezesha iPhone 14 kuomba msaada kwa setilaiti, bure kwa miaka miwili, kisha ikaongeza muda huo zaidi ya mara moja. Setilaiti ni za nani? Za Globalstar, yuleyule mgonjwa wa 2007. Mwaka 2024 Apple ilikubali kuweka humo takriban dola bilioni 1.5, pamoja na kuchukua asilimia 20 ya hisa katika kitengo kimoja cha kampuni hiyo.

Neno ninalolisubiri mimi ni hilo "muda". PLB haikuwahi kuwa na muda wa majaribio.