Radoni: Gesi ya ardhini inayodhuru mapafu kimyakimya

SARATANI ya mapafu haiwaandami wavutaji sigara pekee. Miongoni mwa visababishi vyake ni radoni, gesi ya asili isiyo na rangi, harufu wala ladha.

Radoni huzalika madini ya urani yaliyomo mwambani na udongoni yanapovunjika polepole na kuwa radiamu, kisha gesi hiyo. Nje, upepo huitawanya. Ndani ya nyumba na migodini, hupenya nyufani na kurundikana.

Sehemu kubwa ya gesi yenyewe hutoka tunapopumua. Hatari hasa imo katika chembe za poloniamu inazozaa, ambazo hushikamana na vumbi, hukwama mapafuni na kutoa miale ya alfa inayoharibu vinasaba vya seli. Saratani huweza kuzuka miaka mingi baadaye, na hakuna kikohozi wala homa ya kumtahadharisha mtu mapema.

Mnamo 1879 ilibainishwa kwamba wachimbaji wengi wa Schneeberg, Ujerumani, waliuawa na uvimbe wa mapafu. Mwaka wa 1988, radoni iliorodheshwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa radoni huchangia kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani zote za mapafu, kutegemea nchi. Hatari huongezeka kwa takriban asilimia 16 kwa kila ongezeko la bekereli 100 katika mita moja ya ujazo wa hewa, endapo mtu ataivuta kwa muda mrefu. Mvutaji sigara huhatarika zaidi, kwa kuwa madhara hayo mawili huzidishana.

Humu nchini, kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale, kina thoriamu nyingi. Madini hayo huzaa thoroni, ndugu ya radoni, ambayo nusu yake hutoweka chini ya dakika moja. Kwa hivyo hukolea karibu na kuta na sakafu za udongo, mahali ambapo watoto hulala na kucheza.

Kinga si ghali mno: kufungua madirisha, kuziba nyufa za sakafu, kupiga kuta lipu na kuacha sigara. Hata hivyo, kipimo maalum pekee ndicho kiwezacho kufichua gesi hii.