Afya: G6PD, jeni inayofanya dawa fulani zipasue damu ya watu fulani

Mutoto anakunywa dawa, na kisha siku mbili tatu macho yanakuwa ya manjano na mukojo mweusi sawa kahawa. Wengine wanasema haraka ni sumu. Lakini sababu inaweza kuwa katika damu yake mwenyewe, tangu kuzaliwa.

G6PD ni nini?
Ni enzimu, maana yake protini inayofanya kazi ndani ya mwili. Chembe nyekundu za damu zinaitegemea ili zijikinge. Ikiwa ni kidogo, dawa fulani zinapasua chembe hizo na damu inapunguka.

Ilijulikana namna gani?
Mwaka 1956, watafiti wa Marekani waliona kwamba watu walioumizwa na primakini, dawa ya malaria, walipungukiwa na enzimu hii. Mwaka 1986 jeni yenyewe ilisomwa: iko kwenye kromosomu X na inatengeneza protini ya asidi amino 515.

Congo yetu imo katika historia hii. Mwaka 1966, Arno Motulsky, Jean Vandepitte na George Fraser walichapisha uchunguzi wao wa hapa inchini kuhusu upungufu wa G6PD, ugonjwa wa selimundu na malaria. Upungufu huu unapatikana sana kule malaria inaua, kwani unakinga kidogo.

Nani anaugua?
Zaidi wanaume, maana wana X moja tu. Mama anaweza kuibeba bila kujua. Kila mutoto wake mwanaume ana nafasi moja kwa mbili ya kuipata.

Dawa gani?
Primakini ya siku nyingi, tafenokini na dapsone. Dawa ya malaria Lapdap, yenye dapsone, iliondolewa sokoni mwaka 2008 juu ya jambo hili. Artemether-lumefantrine haimo katika orodha hiyo.

Tufanye nini?
Hakuna dawa ya kuponyesha upungufu huu. Kinga ni kuepuka dawa hizo. Huku Mutwanga, kama fasi zingine, usinunue dawa bila munganga kuiandika. Ikiwa mutu wa jamaa aliwahi kupatwa hivi, mwambie munganga mbele ya matunzo. Mukojo ukiwa mweusi, kimbia hopitali na pakiti ya dawa mukononi: inaweza pia kuwa malaria kali, na saa zinahesabika.